Sura ya Saba: Mbona Kahawa Inaungua Mvua Ikinyesha?

Mosocho, kwenye barabara itokayo mjini Kisii kuelekea Oyugis na Kisumu, swali hili halikosekani. Utalisikia kwenye mizani ya kiwanda cha kahawa, utalisikia nje ya kanisa Jumapili: "Ofisa, mbona kahawa yangu inakauka na mvua haijakoma?" Anayeuliza mara nyingi huwa ameshika tawi mkononi. Ncha ni nyeusi, majani yamejikunja kuelekea ndani, na ukilitikisa halidondoshi hata jani moja. Kabla hajajibiwa huongeza la pili: "Na nipulizie dawa gani?"

Nitajibu yote mawili, ila la pili litangoja kidogo. Wengi huanza na dawa, na ndiyo sababu wengi hutumia pesa mwaka baada ya mwaka na tawi bado linakauka.

Kwanza tujue ni nani anayeua

Mmea unaokauka wakati wa kiangazi hauhitaji maelezo. Unaokauka katikati ya mvua unatuambia kwamba maji yenyewe yamemsaidia adui. Adui huyu ni bakteria, yaani kiumbe hai cha seli moja, kidogo mno hata jicho haliwezi kukiona. Anazaliana kwa kujigawa mara mbili, na penye unyevu na ubaridi wa kiasi hufanya hivyo kwa kasi. Jina lake la kisayansi ni *Pseudomonas syringae*, tawi la *garcae*. Neno hilo la mwisho linatokana na Garça, mji wa jimbo la São Paulo nchini Brazili, ambako ugonjwa ulielezwa katikati ya miaka ya 1950.

Ni muhimu kumtofautisha na kuvu. Kuvu ni jamii ya ukungu: ana nyuzi, na wengi wao huweza kutoboa ngozi ya mmea wenyewe. Bakteria wa kahawa hana uwezo huo. Anakaa juu ya jani na juu ya chipukizi akingoja nafasi, na nafasi yake ni jeraha au matundu madogo ambayo jani hupumulia. Akishaingia huua seli za ndani. Kwanza utaona doa linaloonekana limeloa maji, kisha doa linakauka na kuwa la kahawia likiwa na duara la manjano pembeni. Chipukizi la nchani hufa, na kifo kinateremka tawini pingili kwa pingili. Maua huwa meusi. Punje changa, zile ndogo zisizozidi kichwa cha pini, nazo huwa nyeusi.

Hapo ndipo watu wengi wanapopotea, kwa sababu kahawa ina maradhi mengine yanayofanana na hili kwa mbali. Kabla hujafungua pochi, angalia tawi hivi:

- Majani meusi yaliyojikunja na bado yameshikilia tawi lililokufa: huyu ni bakteria.
- Majani yamekuwa manjano na kuanguka kwanza, tawi likabaki uchi na punje nyingi, ndipo likafa: mti umezidiwa na mzigo. Unahitaji mbolea na kupogolewa. Dawa haihusiki.
- Punje za kijani zilizokwisha kukua zina madoa meusi yaliyobonyea, na majani ni mazima: ni ugonjwa wa buni unaoitwa CBD, wa kuvu, uliogunduliwa hapa Kenya mwaka 1922.
- Unga wa rangi ya chungwa chini ya jani: ni kutu ya majani, naye ni kuvu.

Maofisa wa kilimo huuita ugonjwa wetu BBC, kwa kifupi. Ukilisikia jina hilo ofisini, ndio huu.

Mvua ya mawe

Kama bakteria anahitaji jeraha, nani anayemjeruhia mti? Upepo, unaosuguanisha matawi. Mchumaji anayevuta tawi kwa nguvu. Mdudu. Panga. Lakini huku kwetu mjeruhi mkuu ni mvua ya mawe.

Ukanda wa Kericho na vilima vya Nandi, unaopakana na jirani zetu wa Nyamira upande wa mashariki, ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Zimewahi kutajwa siku 132 katika mwaka mmoja. Mashamba makubwa ya chai yaliumia kiasi kwamba katika miaka ya 1960 na 1970 yalijaribu kuyazuia mawe kwa kurusha kemikali mawinguni. Mawingu hayo hayajui mpaka wa kaunti. Mawe yakishuka huku kwetu Kitutu, kila punje ya barafu huacha kovu kwenye gome laini la tawi la kahawa, na ndani ya dakika ishirini mti mmoja unaweza kupata majeraha mamia, yote yameloa.

Hapa naomba nitoke njiani kidogo, maana kuna jambo ambalo kila nikilifikiria hunishangaza. Maji safi yakiwa matone madogo mawinguni hayagandi kirahisi. Yanaweza kubaki majimaji hadi karibu nyuzi 38 chini ya sifuri. Yanahitaji kitu cha kushikilia ili barafu ianze. Na miongoni mwa vitu vinavyoanzisha barafu upesi kuliko vyote ni bakteria wa spishi ya *Pseudomonas syringae*. Baadhi yao wana protini inayogandisha maji kwenye nyuzi mbili tatu tu chini ya sifuri, hata wenye viwanja vya kuteleza juu ya theluji huko ng'ambo huitumia kutengeneza theluji ya bandia. Mwaka 1982 Russell Schnell na Suan Neo Tan-Schnell walichapisha utafiti kuhusu majani makavu yaliyolala chini ya michai ya Kenya. Waliona kwamba takataka hizo zina chembe zinazogandisha maji kwa wepesi, wakadokeza kwamba wachumaji wanapopita huzitimua, upepo ukazipandisha hadi kwenye mawingu, na mawe yakazaliwa. Mwaka 2011 wanasayansi wa Montana, Marekani, waliripoti kwamba walikuta bakteria wengi katikati kabisa ya punje za mawe. Hakuna aliyethibitisha kwamba bakteria wa kahawa ya Mosocho ndiye anayejitengenezea mvua ya kumfungulia njia. Lakini ndugu zake wana uwezo huo, na mimi sijapata kujua jambo lenye ujanja zaidi ya hilo katika elimu yote ya mimea.

Turudi shambani. Kisii hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na hakuna mwezi unaokauka kabisa. Januari na Februari huwa afadhali, na Julai kidogo. Katika nchi yenye kiangazi kirefu bakteria wengi walio juu ya majani hufa kwa jua na ukavu. Huku wanapata kivuli, umande na manyunyu mwaka mzima, na wale waliojificha ndani ya vidonda vya matawi hawana haraka yoyote.

Ugonjwa wa Solai

Historia ya ugonjwa huu ina kejeli ambayo si vizuri kuiacha. Kahawa ililetwa Kenya na wamisionari Wafaransa waliopanda Bura, Taita, mwaka 1893. Kwa miaka arobaini iliyofuata Mwafrika alizuiliwa kuipanda. Sababu mojawapo iliyotolewa na walowezi ni kwamba mashamba ya Waafrika hayatatunzwa, yatakuwa kiota cha magonjwa, na magonjwa yatavuka ua hadi kwenye mashamba yao. Serikali ya kikoloni ilipolegeza kamba, katikati ya miaka ya 1930, ilichagua Kisii, Meru na Embu, sehemu zilizokuwa mbali na mashamba makubwa ya kahawa ya Wazungu. Chifu Musa Nyandusi wa Nyaribari alikuwa miongoni mwa waliotangulia kuipanda upande wa Kisii.

Sasa angalia majina ambayo ugonjwa wa bakteria ulipewa ulipoanza kutambulika nchini: waliuita mnyauko wa Solai, na pengine mnyauko wa Elgon. Solai, Nakuru, ilikuwa nchi ya walowezi. Katika miaka ya 1970 watafiti walithibitisha kwamba kinachoua matawi hayo ni bakteria yule yule wa Brazili, na kwa muda mrefu ulihesabiwa kuwa ugonjwa wa magharibi ya Bonde la Ufa: Elgon, Trans Nzoia, Nandi, Kericho, Kisii. Kote huko ni juu, kuna baridi, kuna upepo, na mawe hunyesha.

Kilichouzidishia nguvu si mkulima mzembe. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa mgao wa kuuza kahawa ulivunjika, bei ikaanguka duniani kote. Kenya iliyokuwa ikitoa karibu tani 130,000 mwishoni mwa miaka ya 1980 ilishuka hadi chini ya nusu ya hapo. Mkulima aliyeona malipo ya chama cha ushirika hayatoshi hata karo ya muhula mmoja alifanya lililo la busara: aliiacha kahawa, akapanda ndizi na nyasi ya ng'ombe katikati yake. Sheria haikumruhusu kuing'oa hivi hivi, kwa hiyo mashina yalibaki. Hayakupogolewa, hayakupuliziwa. Ndani ya vichaka hivyo bakteria alipata makao ya kudumu.

Kwa ufupi hadi hapa: ugonjwa ni wa bakteria, unaingia kwa jeraha penye maji, unaishi kwenye vidonda vya matawi ya zamani, na Kisii inampa bakteria kila anachotaka. Yafuatayo yote yanatokana na hayo.

Kopa inafanya nini, na haifanyi nini

Sasa lile swali la dawa. Dawa inayopendekezwa ni ya madini ya shaba, ambayo kwenye duka la agroveti huitwa kopa. Ina historia ya kuchekesha. Huko Médoc, Ufaransa, wakulima wa zabibu walikuwa wakipaka mizabibu ya kando ya barabara mchanganyiko wa buluu wa shaba na chokaa ili wapita njia waogope kuiba. Profesa Alexis Millardet akagundua kwamba mizabibu iliyopakwa haikuugua ukungu, na mwaka 1885 akautangaza mchanganyiko huo. Tangu hapo shaba imekuwa miongoni mwa kinga kuu za mimea ulimwenguni.

Ikikauka juu ya jani huacha tabaka jembamba. Mvua inapolowesha jani, chembe kidogo za shaba huyeyuka na kuua bakteria waliopo hapo juu. Ndiyo kazi yake yote. Haipenyi ndani ya tawi. Haiwafikii waliokwisha kuingia. Jani lililochipua wiki moja baada ya kupuliza halina shaba hata kidogo, na mvua kubwa huosha ile iliyokuwapo. Mwenye kupuliza kopa baada ya kuona matawi meusi ni sawa na aliyepiga mabati mapya wakati moto uko jikoni.

Kwa hiyo wakati ndio kila kitu. Kopa inatakiwa iwe imeshakauka juu ya majani kabla mvua za masika hazijafunguka mwezi Machi, irudiwe mvua zikiendelea, na ipigwe tena upesi baada ya mawe kunyesha, mara tu majani yatakapokauka. Kipimo kifuate maandishi ya pakiti, maana dawa za shaba zinatofautiana nguvu. Pampu ya mgongoni ielekezwe chini ya majani na kwenye ncha za matawi. Wengi hupuliza juu tu, kama wanaomwagilia sukuma wiki.

Wenzetu wa California wamelipitia hili kwa zao lingine. Jozi, mti mkubwa wa kokwa lenye mafuta, una ugonjwa wake wa bakteria wa jamii ya *Xanthomonas*, unaoingia kwenye maua na matunda machanga mvua ya majira ya kuchipua inaponyesha. Nao walitegemea shaba kwa miongo mingi. Kadiri walivyoizidisha, ndivyo bakteria wasiodhurika na shaba walivyobaki na kuzaana, mpaka ikabidi waichanganye na dawa nyingine, mankozebu, ndipo ifanye kazi tena. Zaidi ya hapo shaba ni madini: haiozi. Inayoanguka chini inabaki udongoni, mwaka juu ya mwaka, na mashamba ya kahawa ya Kenya yaliyopuliziwa kwa miongo mingi yana shaba nyingi kuliko ilivyokuwa asili. Nasema haya kwa sababu nimesikia ushauri wa kupuliza kila wiki mbili mwaka mzima. Ni ushauri mzuri kwa mwenye duka.

Kuhusu antibiotiki, yaani dawa za kuua bakteria kama zile tunazopewa hospitalini: Marekani hupuliza streptomisini kwenye matufaha, na bakteria sugu wamejitokeza huko pia. Kuvunja vidonge vya kopo la nyumbani na kutia kwenye pampu hakutaokoa tawi lolote, na kunaweza kuja kumdhuru mtoto atakayevihitaji.

Makasi kabla ya pampu

Kazi inayoleta mabadiliko ni kupogoa, yaani kukata matawi kwa mpango. Januari na Februari, baada ya mavuno na kabla ya masika, jua likiwapo, ingia shambani na makasi ya kupogolea na msumeno mdogo. Panga liache nyumbani. Panga hupasua, na mpasuko ni jeraha kubwa lisilofunga upesi.

Tawi lililokufa likatwe mahali palipo hai. Fuata weusi ukiteremka, na ukifika mwisho wake usikate hapo. Teremka tena kiasi cha upana wa kiganja, ukate kwenye mti wa kijani. Bakteria hutangulia mbele ya dalili. Ukilikata tawi mpakani umemwacha ndani.

Kila ukitoka mti mmoja kwenda mwingine chovya makasi kwenye jiki iliyochanganywa na maji, sehemu 1 kwa 5, na jioni uyapake mafuta yasishike kutu. Kazi hii inaudhi. Wengi huichoka mti wa kumi. Ila mkulima wa Kisii ana sababu mbili za kuizoea, maana kati ya kahawa yake kuna migomba, na mnyauko wa migomba, wa bakteria mwingine, uliingia magharibi mwa Kenya mwaka 2006 na husafiri kwa panga chafu vivyo hivyo. Mazoea mamoja yanalinda mazao mawili.

Matawi yaliyokatwa yatoke shambani siku hiyo hiyo, yachomwe au yafukiwe. Nimeona yakirundikwa kati ya mistari yawe matandazo. Kwa matawi mazima ni jambo jema. Kwa haya ni kumrudishia adui nyumba.

Mambo mengine machache yanakwenda pamoja na makasi:

- Usivune wala kupogoa kahawa ikiwa imeloa. Mikono na nguo hubeba bakteria kutoka mti hadi mti.
- Punguza machipukizi ya shinani. Mti uliosongamana haukauki hadi saa sita mchana.
- Usitie mbolea ya naitrojeni kupita kiasi. Inatoa majani laini, na majani laini hujeruhiwa upesi.
- Panda miti ya kukinga upepo, hasa upande zinakotoka dhoruba. Grevilea zilizopandwa kwa nafasi huvunja upepo na kupokea sehemu ya mawe, lakini zikibanana hufungia unyevu ndani, na hapo umetibu ugonjwa mmoja kwa mwingine.

Watu huniuliza kama miche mipya itawaondolea shida. Ruiru 11 ilitolewa mwaka 1985 na Batian mwaka 2010, zote na watafiti wa kahawa wa Ruiru, na ni kazi ya kujivunia. Zilichaguliwa kwa sababu zinastahimili CBD na kutu, ambayo ni maradhi ya kuvu. Aliyezipanda anaokoa pesa nyingi za dawa za kuvu, lakini asidhani amekingwa na bakteria. Kupogoa kuko pale pale.

Mti ulioliwa hadi kwenye shina haufai kuhurumiwa. Ukate ukiwa umebakiza kisiki kisichozidi goti, ikiwa chini bado kuna uhai. Ungoje machipukizi, uchague mawili au matatu yenye nguvu, uyalee kama mti mpya. Utakosa mavuno misimu miwili hivi. Visiki vikatwe kwa zamu, mstari mmoja mmoja, ili chama kisikufute kwa kutopeleka kahawa.

Shamba la jirani

Mosocho hakuna shamba linalosimama peke yake. Watu ni wengi, robo eka imegawanywa kwa ndugu watatu, na ua kati ya boma na boma ni mstari wa mimea tu. Mvua yenye upepo hurusha matone kutoka mti wako hadi wa shemeji yako. Unaweza kufanya yote niliyoandika, na kichaka cha kahawa kilichoachwa ng'ambo ya ua, cha mtu aliyehamia Nairobi, kikakurudishia ugonjwa Aprili.

Hapa serikali haitakusaidia sana, na kugombana hakufai. Vyama vya ushirika vingeweza. Vina orodha ya wanachama, vina mizani, vina akaunti za kukata deni. Chama kinaweza kuwafundisha vijana kumi kupogoa, kikawanunulia makasi na ndoo za jiki, kikawatuma shamba kwa shamba Januari na Februari, na gharama ikakatwa kwenye malipo ya kahawa. Bei ya dunia ilipopanda mwaka 2024 na 2025 watu walianza tena kuvikumbuka vichaka vyao, kwa hiyo wa kusikiliza wapo. Kuhusu kile kichaka cha aliyehamia Nairobi, mpigie simu mwenye shamba umwombe ruhusa: ama kikatwe kisiki kwa gharama ya chama na mavuno yake yawe ya atakayekilea, ama king'olewe kabisa papandwe kitu kingine. Wengi hukubali. Shida ni kwamba hakuna aliyewahi kuwapigia.